SOMO LA TISA: NAMBA 142,857 NA UPATANISHO WA VIVUMISHI VYA IDADI

Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza vivumishi vya idadi kwa kutumia namba ndogo: mtu mmoja, vitabu viwili, miti mitatu. Mwalimu mtarajiwa aweza kudhani kwamba, akishazimudu namba za moja hadi kumi, zilizobaki zitajiendea zenyewe. Sivyo. Ugumu wa upatanisho hujitokeza hasa katika namba kubwa, mahali ambapo msemaji hana hakika ni neno lipi lipatanishwe na jina na ni lipi liachwe lilivyo. Je, tuseme "watu elfu arobaini na mbili" au "watu elfu arobaini na wawili"? Wengi hujibu kwamba moja kati ya hizo ni sahihi na nyingine ni kosa. Tutaona kwamba zote mbili ni sahihi, ila hazitaji idadi moja.

Ili kulichunguza jambo hili tumechagua namba moja nzima, 142,857. Wanahisabati huipenda kwa sababu tarakimu zake huzunguka inapozidishwa. Sisi walimu wa lugha tunaipenda kwa sababu hiyohiyo, kwani kuzunguka huko huileta kila tarakimu mahali ambapo sarufi huipima.

Baada ya somo hili mwanachuo aweze:
(a) kueleza sifa kuu za namba 142,857;
(b) kusoma na kuandika namba kubwa kwa maneno;
(c) kutambua ni neno lipi katika namba kubwa hupatana na jina linalohesabiwa;
(d) kuondoa utata wa idadi pale ambapo upatanisho hautoshi.

1. Sifa za namba 142,857

Tuizidishe namba hii kwa moja hadi sita, kisha tuyatazame mazao yake:

142,857 × 1 = 142,857
142,857 × 2 = 285,714
142,857 × 3 = 428,571
142,857 × 4 = 571,428
142,857 × 5 = 714,285
142,857 × 6 = 857,142

Tarakimu ni zilezile sita, 1, 4, 2, 8, 5 na 7, na mfuatano wake haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia. Ni kama watoto sita walioshikana mikono katika duara: tukianza kuwataja kwa huyu au kwa yule, wanaofuatana ni walewale.

Sababu ya jambo hili imo katika kugawanya moja kwa saba. Tukigawanya 1 kwa 7 kwa njia ndefu, twapata desimali 0.142857142857..., isiyokoma. Baki tunazozipata njiani ni 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, na hapo kazi huanza upya. Baki zinazowezekana katika kugawanya kwa saba pasipo kuisha ni sita tu, nazo zote sita zimepitiwa katika mzunguko mmoja. Kwa hiyo tukigawanya 2 kwa 7, hatuingii katika njia mpya. Twaingia katika njia ileile mahali penye baki ya 2, na jibu ni 0.285714... Ndivyo ilivyo kwa 3, 4, 5 na 6.

Tukizidisha kwa saba mzunguko hukatika: 142,857 × 7 = 999,999. Kutokana na hilo twapata sifa nyingine. Mazao yanaweza kupangwa jozijozi, la kwanza na la sita, la pili na la tano, la tatu na la nne, na kila jozi hujumlika kuwa 999,999. Tena, katika kila jozi nusu mbili za namba zimebadilishana nafasi: 142,857 na 857,142, 285,714 na 714,285, 428,571 na 571,428. Tuikumbuke sifa hii, kwani ndiyo tutakayoitumia katika sehemu ya nne.

Vigawo tasa vya namba hii ni 3, 11, 13 na 37, ambapo 3 hutumika mara tatu: 3 × 3 × 3 × 11 × 13 × 37 = 142,857. Jumla ya tarakimu zake ni 27, na namba yenyewe hugawanyika kwa 27 bila baki. Mwisho, tukiizidisha kwa yenyewe twapata 20,408,122,449. Tukiikata namba hiyo vipande viwili, 20,408 na 122,449, kisha tukavijumlisha, twarudi pale tulipoanzia: 142,857.

2. Kuitamka na kuiandika

Namba 142,857 husomwa kwa njia tatu zinazojulikana:

(i) mia moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba;
(ii) elfu mia moja arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba;
(iii) laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba.

Njia ya kwanza hutanguliza idadi ya maelfu, kisha hutaja neno "elfu" kama kifungio. Njia ya pili hutanguliza neno "elfu", kisha hutaja idadi yake, kama tusemavyo "elfu mbili" au "elfu kumi". Njia ya tatu hutumia neno "laki", lenye asili ya Kihindi, kwa maana ya elfu mia moja.

Tutazame maneno "mia", "elfu" na "laki" kwa jicho la sarufi. Haya ni majina, nayo yakihesabiwa hufuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Ndiyo maana twasema "mia mbili", "elfu tatu", "laki nne", kama tusemavyo "nyumba mbili", "siku tatu", "kalamu nne". Katika "mia mbili", neno "mbili" halihesabu vitabu wala watu, bali huhesabu mia.

Hapo ndipo ilipo kanuni moja inayotawala somo zima:

Kila kivumishi cha idadi hupatana na kile kinachokihesabu.

Katika "vitabu viwili", -wili huhesabu vitabu, kwa hiyo huchukua vi-. Katika "vitabu mia mbili", -wili huhesabu mia, kwa hiyo husalia "mbili". Katika "vitabu mia na viwili", vitabu viwili vimeongezwa juu ya mia, kwa hiyo vi- hurudi. Mwanafunzi aandikaye "vitabu mia viwili" hajakosa kiambishi tu. Amekosa hesabu, kwani hatujui kama anataja 200 au 102.

3. Tarakimu zipatanazo na zisizopatana

Si kila namba ya chini ya kumi huchukua kiambishi. Tuzigawe makundi mawili:

Zipatanazo: -moja (1), -wili (2), -tatu (3), -nne (4), -tano (5), -nane (8).
Zisizopatana: sita (6), saba (7), tisa (9).

Sita, saba na tisa zilitoka katika Kiarabu, nazo hazikupokea viambishi vya ngeli. Kumi, ingawa ni neno la Kibantu, nalo halibadiliki. Vivyo hivyo ishirini, thelathini na makumi mengine hadi tisini.

Vielelezo vya upatanisho ni hivi:

A-WA: mtu mmoja; watu wawili, watatu, wanne, watano, wanane.
U-I: mti mmoja, miti miwili, mitatu, minne, mitano, minane.
LI-YA: tunda moja, matunda mawili, matatu, manne, matano, manane.
KI-VI: kitabu kimoja, vitabu viwili, vitatu, vinne, vitano, vinane.
I-ZI: nyumba moja, nyumba mbili, tatu, nne, tano, nane.
U-ZI: ukuta mmoja; kuta mbili, tatu, nne, tano, nane.

Tukirudi kwa 142,857, twaona kwamba tarakimu tano kati ya sita zake, yaani 1, 4, 2, 8 na 5, ni za kundi lipatanalo, na moja, yaani 7, ni ya kundi lisilopatana. Kati ya tarakimu zipatanazo, 3 peke yake ndiyo isiyokuwamo. Na kwa kuwa namba hii huzunguka, kila tarakimu hupata zamu yake ya kusimama katika nafasi ya mamoja, ambayo ndiyo nafasi inayopatana na jina.

4. Namba inayozunguka na jina linalohesabiwa

Tuyasome mazao sita tukihesabu vitabu:

142,857: vitabu mia moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba.
285,714: vitabu mia mbili themanini na tano elfu, mia saba kumi na vinne.
428,571: vitabu mia nne ishirini na nane elfu, mia tano sabini na kimoja.
571,428: vitabu mia tano sabini na moja elfu, mia nne ishirini na vinane.
714,285: vitabu mia saba kumi na nne elfu, mia mbili themanini na vitano.
857,142: vitabu mia nane hamsini na saba elfu, mia moja arobaini na viwili.

Sasa tulinganishe jozi. Katika zao la kwanza 142 imo upande wa maelfu, nasi twasema "arobaini na mbili elfu". Katika zao la sita 142 ileile imo upande wa mamoja, nasi twasema "arobaini na viwili". Tarakimu ya 2 haikubadilika. Kilichobadilika ni kitu inachokihesabu. Hapo kwanza ilihesabu maelfu, sasa yahesabu vitabu. Vivyo hivyo "themanini na tano elfu" hugeuka kuwa "themanini na vitano", na "ishirini na nane elfu" hugeuka kuwa "ishirini na vinane". Nusu ya 857 peke yake haionyeshi badiliko lolote, kwa kuwa inaishia na saba.

Tuangalie pia zao la tatu. Ingawa vitabu ni vingi mno, kivumishi cha mwisho ni "kimoja", chenye kiambishi cha umoja. Hakuna mgongano hapa. Kitabu kinachotajwa ni kile kimoja kilichozidi juu ya sabini. Kwa watu tungesema "sabini na mmoja", kwa miti "sabini na mmoja", kwa matunda "sabini na moja".

5. Utata, na mahali upatanisho unapotuokoa

Sasa tunaweza kujibu swali la utangulizi. Fungu la maneno "elfu arobaini na mbili" lina tafsiri mbili. Ya kwanza ni elfu zilizo arobaini na mbili, yaani 42,000. Ya pili ni elfu arobaini, na juu yake viwili, yaani 40,002. Likisimama peke yake, fungu hilo halituambii ni ipi. Jina likitajwa, upatanisho huamua:

watu elfu arobaini na mbili = 42,000, kwa kuwa "mbili" huhesabu elfu;
watu elfu arobaini na wawili = 40,002, kwa kuwa "wawili" huhesabu watu.

Tofauti ni watu 1,998, nayo imebebwa na silabi moja. Mwalimu anayesahihisha "mbili" kuwa "wawili" bila kuuliza mwanafunzi alikusudia idadi gani aweza kuifuta hesabu iliyo sahihi na kuweka ya uongo mahali pake.

Hata hivyo, tusiupe upatanisho kazi usiyoiweza. Unashindwa katika hali tatu.

Kwanza, majina ya ngeli ya I-ZI, na ya U-ZI katika wingi, hayatofautiani na "mia" na "elfu" katika upatanisho. "Nyumba elfu arobaini na mbili" hubaki na utata. Jambo hili lina uzito, kwa sababu majina ya fedha, kama shilingi, faranga na dola, hufuata upatanisho huohuo. Yaani lugha imetuachia utata mahali ambapo watu hugombana zaidi kuhusu idadi.

Pili, tarakimu 6, 7 na 9 hazibadiliki. "Watu elfu arobaini na saba" huweza kuwa 47,000 au 40,007, na sarufi haina la kusema.

Tatu, upatanisho hutuarifu nafasi ya tarakimu ya mwisho peke yake. "Wanafunzi elfu mia moja arobaini na wawili" huonyesha kwamba wawili wa mwisho ni wanafunzi, lakini msikilizaji aweza kusikia 100,042 au, kama msemaji ametaja "elfu" kwa maana ya elfu moja, 1,142.

Katika hali hizo twatumia njia nyingine:

(a) Kuweka "elfu" baada ya idadi yake: "shilingi arobaini na mbili elfu". Njia hii huzuia "mbili" kuhesabu shilingi.
(b) Kutamka "elfu moja" kwa ukamilifu badala ya "elfu" pekee.
(c) Kulirudia jina: "shilingi elfu arobaini na shilingi mbili".
(d) Kutumia "laki" pale namba inapozidi elfu tisini na tisa.
(e) Katika maandishi ya fedha, kuandika tarakimu na maneno pamoja, ili kimoja kiwe shahidi wa kingine.

6. Lugha za nyumbani na Kiswahili cha mazungumzo

Wanafunzi wetu wengi huja darasani wakiwa na upatanisho wa idadi katika lugha zao. Mwanafunzi wa Kinyarwanda husema "abantu babiri" na "ibitabo bibiri". Wa Luganda husema "abantu babiri" na "ebitabo bibiri". Kwa hiyo hatuwafundishi wazo geni. Tunachowafundisha ni mpaka wake, kwani mpaka huo si mmoja katika lugha zote.

Katika Kinyarwanda, namba sita na saba huchukua viambishi, "abantu batandatu", "abantu barindwi", ilhali nane, "umunani", haichukui. Mwanafunzi huyu aweza kushawishika kusema *"watu wasita" na *"watu nane". Katika Luganda upatanisho hukoma kwenye tano, na nane, "munaana", haibadiliki. Mwanafunzi huyu hatakosea sita, bali atakosea nane. Kwa hiyo mwalimu aikazie nane kwa wote wawili, na sita na saba kwa yule wa kwanza.

Kuna kikwazo kingine. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha sehemu nyingi za bara, hasa sokoni na vituoni, husikika "watu mbili", "vitu tatu". Tusiwadharau wasemao hivyo, kwani wanaelewana katika namba ndogo, na hapo hakuna kinachopotea. Lakini mtu aliyezoea kusema "watu mbili" atasema pia "watu elfu arobaini na mbili" kwa 42,000 na kwa 40,002. Amepoteza chombo cha kutenganisha idadi hizo. Hii ndiyo hoja ya kumpa mwanafunzi anayeuliza kwa nini apate taabu ya viambishi. Jibu la kwamba ndivyo Kiswahili fasaha kinavyotaka halitoshi. Mwonyeshe hesabu mbili na umwombe azitenganishe.

7. Mapendekezo ya ufundishaji

Mwalimu aandike namba 142,857 ubaoni, awaachie wanafunzi wazidishe wenyewe kwa mbili hadi sita. Wakishagundua mzunguko, awagawe katika makundi sita, kila kundi lichukue zao moja na ngeli moja, kisha lisome kwa sauti. Makundi yabadilishane ngeli hadi kila moja lipitie ngeli zote. Kundi lenye 142,857 litagundua kwamba halibadilishi chochote. Liulizwe sababu, nalo lieleze kwa maneno yake.

Mazoezi

1. Andika kwa maneno: miti 285,714, watu 428,571, matunda 571,428, kuta 714,285, vijiji 857,142.

2. Taja idadi kwa tarakimu:
(a) vikombe mia nane. (B) vikombe mia na vinane. (C) watoto elfu sitini na tatu. (D) watoto elfu sitini na watatu.

3. Eleza kwa nini "magari elfu themanini na tisa" ina utata, lakini "magari elfu themanini na manne" haina. Iandike upya ile yenye utata kwa njia mbili zisizo na utata.

4. Tafuta zao la 142,857 × 8 na la 142,857 × 9. Katika zao gani tarakimu ya 3 husimama katika nafasi ya mamoja? Liandike zao hilo kwa maneno ukihesabu viti.

5. Mwanafunzi ameandika: "Shule ilipokea vitabu elfu mia viwili." Taja idadi mbili ambazo huenda alizikusudia, na uandike kila moja kwa usahihi. Ungemwuliza nini kabla ya kumsahihisha?

6. Chagua lugha moja ya Kibantu unayoifahamu. Onyesha ni namba zipi za moja hadi kumi hupatana na jina katika lugha hiyo, ulinganishe na Kiswahili, kisha utabiri makosa mawili ambayo wasemaji wake huweza kuyafanya.